Samaki Aliyepima Vita vya Meza ya Koko

Enzi zetu jeshi halikununuliwa, lilichimbwa. Vakansi kubwa ya shule ikianza tu, tulishuka hadi mto Sebeya na ndoo iliyotoboka, tukachota udongo wa ukingoni, tukaupandisha mpaka mtaani kwetu Majengo kwa zamu, aliyebeba akilalamika na asiyebeba akitoa amri. Nyumbani tulifinyanga askari mmoja mmoja: kichwa kidogo kama harage, mikono miwili kama udongo ulitosha, mmoja kama haukutosha. Kila askari alisimamishwa juu ya kifuniko cha chupa ili asianguke, kisha kikosi kizima kikaanikwa juu ya bati. Wenzangu mliokulia Gisenyi siku zile mnakumbuka. Kucha zetu hazikuwahi kutakata, na mama zetu walikuwa wamekwisha kuacha kuuliza.

Vifuniko ndivyo vilivyoonyesha askari ni wa nani. Sisi wa huku tulitumia vifuniko vya bia inayopikwa kule karibu na Rubona, na wenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walikuja na vya kwao. Mjomba Faustin, aliyependa sana kukaa baa, hakujua kamwe kwamba yeye ndiye mfadhili mkuu wa ulinzi wetu. Alipokuwa anarudi jioni anayumba, tulimpokea mlangoni kwa heshima zote, tukamvua koti, tukampekua mifuko. Yeye aliamini tunampenda. Tulimpenda kweli, lakini hasa mwisho wa mwezi.

Mashindano yenyewe yalifanyika kwa Koko. Koko ni bibi yetu mzaa mama. Jina hilo alirudi nalo kutoka Kongo pamoja na masufuria yake, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Kazi yake ilikuwa kukausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kuwavusha kwenda kuwauza Goma. Nyumba nzima ilinuka samaki: mapazia, blanketi, mpaka picha ya harusi yake ukutani ilionekana kama watu wamekunja pua. Sebuleni alikuwa na meza kubwa ya mbao, ya kulia chakula, na hiyo ndiyo ilikuwa uwanja wetu. Tuliitandika blanketi la kijani. Sufuria iliyopinduliwa katikati ilikuwa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Foronya ya bluu ilikuwa ziwa, na askari aliyekanyaga foronya alizama, hata kama alikuwa anapita tu.

Sheria zote ziliishi kichwani mwa Ciza, binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa aliyeolewa Goma. Ciza alikuwa na masikio mapana na maneno mengi, na sheria ikimpendelea aliikumbuka vizuri kuliko ikimkataa. Wawili wakikutana vitani, kila mmoja alirushiwa kifuniko hewani: kikiangukia mgongo, unaishi, kikiangukia mdomo, kwaheri. Anayegusa kifuniko cha jenerali wa mwenzake amemteka, na vita vimekwisha. Na kila askari alisogea kwa zamu, urefu wa sambaza mmoja mkavu.

Naona mnacheka. Rula tulikuwa nazo, za shule, lakini kila moja ilikuwa imekatika mahali pake na mwenye rula aliapa kuwa yake ndiyo nzima. Kwa hiyo siku ya ufunguzi Koko mwenyewe alitumbukiza mkono kwenye gunia, akatoa samaki mmoja aliyenyooka, akampitisha mbele ya macho yetu sote.

"Bon," akasema. "Huyu ndiye Mita. Mutu yeyote asimukule."

Mita alifungwa uzi, akatundikwa kwenye msumari juu ya meza, nasi tulimheshimu kuliko mwalimu. Siku za ukungu alilegea kidogo, na majeshi yakaenda mbio. Vakansi ikikaribia kwisha, mkia wake ulikuwa umeanza kuvunjika, na majeshi yakapunguza mwendo. Tulisema wamechoka na vita.

Sasa, mtaniuliza, watoto walikuwa wanapigania nini. Kombe? Medali? Tulikuwa tunapigania sahani. Kwa Koko chakula kiligawiwa kwa cheo: wajomba kwanza, wageni, halafu wavulana wakubwa, wavulana wadogo, halafu wasichana kwa umri. Mimi Zawadi nilikuwa msichana, tena wa mwisho kuzaliwa katika ukoo wote. Sufuria ilinifikia ikiwa imechoka. Wa kwanza alipata sambaza wakavu wakubwa waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni, na vitunguu juu. Mimi nilipata bugari, ule ugali wetu wa muhogo, mchuzi, na mara nyingi jicho moja la samaki lililokuwa linanitazama kwa huruma. Lakini Koko alikuwa ameweka amri: mshindi wa mashindano anaitwa Marshali, na Marshali anapakuliwa wa kwanza, kabla hata ya wajomba, mpaka vakansi nyingine. Ciza alikuwa Marshali mara mbili mfululizo. Alikula polepole, akishusha pumzi kila baada ya tonge kama mtu aliyetoka safari ndefu, huku anatutazama. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nile wa kwanza, na yeye anitazame.

Mwaka ninaousimulia, Ciza alivuka na jeshi lake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jeshi la Goma lilikuwa jeusi, maana udongo wao walichanganya na vumbi la mawe ya volkano, na lilikuwa zito mno. Kwenye barrière ya mpakani ofisa akamwuliza mama mkubwa kopo lina nini. Kabla mama hajafungua mdomo, Ciza akajibu kwa majivuno:

"Jeshi."

Ninyi mliokua karibu na mpaka ule mnajua kuna maneno hayatamkwi kwenye foleni. Mama mkubwa alisimulia mpaka uzeeni kwamba roho yake ilitoka, ikavuka mpaka peke yake, ikamwacha yeye amesimama na mabegi. Ofisa alifungua kopo. Akachungulia. Akamtoa mmoja kwa vidole viwili.

"Bote hawa ni ba-askari yako?"

"Ndiyo, afande. Na wengine bado banakauka."

"Mukubwa yao ni nani?"

Ciza akamwonyesha jenerali. Yule ofisa akamgeuza huku na huku, uso haucheki hata kidogo.

"Jenerali yako hana pua."

"Ilibaki kwa vita, afande."

Wakaruhusiwa kupita, kwa sharti kwamba jeshi lote lirudi kwa njia ileile lililoingilia. Mama mkubwa alifika kwa Koko akaomba maji, akanywa, akaomba tena, kisha akamvuta Ciza sikio moja, na wote tukaona kwamba masikio yale bado yalikuwa na nafasi ya kukua.

Baada ya hapo ikaja kazi ya rangi. Nyeusi tulikwangua masizi ya sufuria. Nyeupe ilikuwa chokaa ya ukuta, na mpaka leo nyumba ya Koko ina madoa upande wa choo. Njano ilikuwa manjano ya kupikia. Kijani tuliponda majani ya sombe, yaani kisamvu, na askari wa kijani walikaa vizuri siku mbili tatu, kisha wakaanza kunuka kama chakula kilicholala. Brashi ndiyo ilikuwa shida. Brashi nzuri ilitengenezwa kwa nywele za mkia wa paka, zikafungwa kwenye njiti ya kiberiti, na paka aliyekuwepo ni mmoja: Madamu, paka wa Koko, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitembea kama mwalimu wetu, polepole, anakagua. Kila vakansi Madamu alianza na mkia mnene na kumaliza na mkia kama kamba ya viatu. Alikuwa anatutazama tu. Sisi tukadhani amesamehe.

Nyekundu haikuwepo jikoni. Nyekundu ilikuwa saluni kwa Tante Solange, shangazi yetu, ndani ya kichupa cha vernis ya kucha. Jenerali wangu alikuwa mwanamke, nilimpa jina Feza, na nilikuwa nimeapa kumvika kitenge chekundu chenye nukta nyeupe. Jenerali wa kitenge anahitaji rangi. Feza akapakwa, walinzi wake wakapakwa, Ciza akaomba kidogo kwa ajili ya mizinga yake, na wakati tunakifunga kichupa kilikuwa chepesi sana. Mchana ule Tante Solange alitokea mlangoni, mkono mmoja kiunoni.

"Mana yanjye! Nani alikunywa vernis yangu? Bibi-arusi iko anakuja sasa hivi, na chupa iko mutupu!"

Tuliokuwa sebuleni tulielekeza vidole kwa Madamu. Ni jambo la kipuuzi, lakini Ciza alikuwa amelifikiria mapema: kwa tone la mwisho alikuwa amempaka paka kucha za mbele, ili ushahidi uonekane. Tante Solange akainama. Akamtazama Madamu, aliyekuwa amekaa ameziweka nyayo zake pamoja, kucha zinang'aa.

"Yewe," akasema polepole. "Hata paka iko na vernis, na bibi-arusi hana?"

Tulichapwa kwa kandambili, kwa haki kabisa, mmoja baada ya mwingine. Yule bibi-arusi aliolewa akiwa na rangi mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukafichwa nyuma ya maua, na nasikia ndoa yao ipo hadi leo. Madamu naye alibaki na kucha zake nyekundu. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mashindano yakaanza. Sitawachosha kwa vita vyote. Nusu fainali nilipangwa kucheza na kaka yangu Innocent, aliyekuwa mvivu wa kwenda mtoni na ambaye jeshi lake lote lilifinyangwa kwa unga wa muhogo. Asubuhi ya pambano tulipofunua kopo lake, sisimizi walikuwa wamekibeba kikosi kizima hadi chini ya kabati, jenerali akiwa mbele. Ciza akatoa sheria papo hapo kwamba jeshi lililobebwa na sisimizi limekimbia. Innocent alisema si haki. Nilimwambia aende akaliite lirudi.

Hivyo mimi, niliyekuwa wa mwisho mezani, nikaingia fainali na Ciza.

Siku hiyo watoto wa jirani walijaa madirishani. Koko alikuwa refa, na sheria yake ilikuwa moja: jambo la mwisho, yaani kutekwa kwa jenerali, lazima alione kwa macho yake mwenyewe; na Mita akishawekwa mezani, hakuna kumgusa mpaka yeye aseme. Tulipigana mchana kutwa. Wangu wawili walizama kwenye foronya. Wake mmoja alivunjika mguu kwa sababu Innocent alipiga chafya, kwa makusudi, nadhani kwa kunipendelea. Ikafika mahali nimebaki na Jenerali Feza na koplo mmoja wa mkono mmoja, na Ciza amebaki na jenerali wake asiye na pua na mzinga uliokuwa umemlenga Feza moja kwa moja. Zamu ilikuwa yangu. Koplo akifika, mimi ni Marshali. Asipofika, mzinga unamaliza kazi, na mimi narudi kwa jicho la samaki.

Nilimshusha Mita kutoka msumarini. Nikaweka mkia wake penye kifuniko cha koplo, nikamlaza pembeni mwa Nyiragongo, taratibu. Kichwa cha Mita kikagusa kifuniko cha jenerali wa Ciza. Kiligusa! Nilikisikia kinagonga bati la kifuniko, kidogo, tik. Nikaruka, nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakajibu.

"Koko! Koko, kuya uone! Inafika!"

Koko alikuwa mlangoni anabishana na mteja kuhusu gunia. "Nakuya, nakuya," akasema, na akaendelea kubishana. Sheria ni sheria. Tukarudi nyuma wote, mikono mgongoni. Nilikuwa tayari naona sahani. Nilikuwa naona vitunguu.

Madamu akaingia kwa dirisha.

Hakukimbia. Alipita katikati ya uwanja wa vita akikagua, akavuka ziwa bila kuzama, akafika kwa Mita, akaweka ile mikono yake yenye kucha nyekundu upande huu na upande huu. Akamng'ata kichwa. Akakitafuna pale pale, kra kra, akitutazama mmoja mmoja, wale wote tuliowahi kumng'oa nywele. Kisha akashuka akaenda zake, na mwili wa Mita ulibaki palepale nilipoulaza.

Ndipo Koko akaingia. "Bon. Iko wapi?"

"Ona, Koko," Ciza akawahi, na masikio yalikuwa yamewaka. "Samaki haifike. Iko mubali."

"Ilifika!" nililia. "Kichwa ilifika! Ilikuwa na kichwa!"

"Kichwa iko kwa tumbo ya Madamu. Sheria inasema samaki yenye iko kwa meza."

Koko aliinama akatazama. Kati ya shingo ya Mita na kifuniko cha jenerali palikuwa na nafasi ya ukucha. Akatazama dirisha. Akatazama watoto madirishani, wote wanapiga kelele kwa pamoja, nusu wakisema ilifika na nusu haikufika, pamoja na wengine waliokuwa wamefika sasa hivi na hawakuona kitu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka, ikabidi ajishike kwa kiti. Alipopata pumzi alileta gunia, akasema tuchague samaki mwingine wa kupimia. Nilichomoa mrefu kuliko wote. Ciza alichomoa kitoto cha sambaza ambacho sijui hata kilivuliwaje. Koko akatazama samaki wangu, akatazama wa Ciza, akawachukua wote wawili.

"Bon. Donc, vita imeisha. Meza hii ni ya kula, na banjomba yenu bako na njaa. Mwaka huu hakuna Marshali."

Akamchukua na Mita. Akakata vitunguu.

Tulipakuliwa kwa utaratibu uleule wa siku zote. Wajomba, wageni, wavulana. Sufuria iliponifikia ilikuwa imechoka. Nikapewa bugari na mchuzi, na chini ya mchuzi nikamkuta samaki mmoja, hana kichwa. Nilimtambua. Nilimla nikilia, na lazima niseme ukweli, alikuwa mtamu.

Hayakufanyika mashindano mengine. Mwezi wa tisa nilipelekwa bweni Nyundo, na katika haraka ya kufunga sanduku jeshi langu likasahaulika juu ya bati. Mvua za kwanza zilipokuja, Jenerali Feza na watu wake walirudi mtoni kupitia mfereji, vikabaki vifuniko vimepanga mstari. Vakansi iliyofuata Ciza alikuwa na sauti nzito na viatu vya mpira, na hakutaka kusikia habari za udongo. Ugomvi wetu ndio alioubakiza. Kila tulipokutana, badala ya salamu, alinisogelea akasema, "Haikufika." Nami nilimjibu, "Ilifika." Alinong'ona hivyo siku ya harusi yangu, kwenye mstari wa kutoa zawadi. Siku tuliyomzika Koko tulisimama bega kwa bega, kila mmoja na udongo mkononi, nami ninalia, naye akainama sikioni kwangu, sauti imepasuka, akasema, "Haikufika." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka watu wakanishika mikono wakidhani nimezidiwa. Sijui ningeivuka vipi siku ile bila lile neno.

Leo binti yangu Keza ana jeshi. Naam, mambo yamerudi, ila yamerudi yamevaa suti. Askari wake ni wa plastiki, waliagizwa ng'ambo, walikuja vipande vipande ndani ya boksi, na anawaunganisha kwa gundi akiwa amevaa miwani yenye taa. Askari mmoja anampaka rangi mwezi mzima. "Mama, usiguse, bado inakauka." Ana kichupa cha rangi ya kutu. Kutu! Sisi tuliikwangua kutu kwa mchanga Jumamosi nzima, wao wanainunua, tena kuna kutu mpya na kutu ya zamani. Ana kifuko cha nyasi za kubandika miguuni mwa askari. Nyasi za kununua, na dirishani kwetu ukichungulia unaona mtaa wetu wa Rugerero wote ni kijani. Nilikwenda tu nje nikasimama kidogo kwenye nyasi za bure.

Juzi Jumamosi walikuwa na mashindano yao kwenye ukumbi mmoja karibu na ziwa, na Ciza alivuka kuja kutazama. Siku hizi ana tumbo na ndevu zenye mvi. Masikio ni yaleyale. Alizunguka meza zao za milima na magofu, akashika mikono nyuma kama Madamu, akamwuliza kijana aliyekuwa refa:

"Na samaki yenu iko wapi?"

Kijana akamwonyesha kidude kinachotoa mstari mwekundu wa taa. Ciza akakitazama kwa muda mrefu. Kwenye meza ya Keza ikatokea hali ileile: askari wake na wa mpinzani, nafasi ya ukucha. Nilisimama. Ciza alinishika mkono. Yule mpinzani akainama, akasema, "Naona haijafika." Na mwanangu, damu yangu, akajibu, "Sawa, haina shida," akarudisha askari wake, wakaendelea. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyepanda kiti. Hakuna dirisha lililojaa watoto. Waliokuwepo walikuwa wanapiga picha.

"Ayi we," Ciza alisema tulipotoka. "Hata kutukanana kidogo?"

Nilikuwa nimepika sambaza nyumbani. Nilikaanga kama Koko, vitunguu juu, na watu walikuwa wengi: mume wangu, watoto, marafiki wa Keza na mizigo yao ya plastiki, Ciza mgeni. Keza akapakua. Mgeni kwanza, kama ilivyo desturi, kisha baba yake, kisha marafiki, kisha wadogo zake. Mimi nilikuwa bado naleta maji na chumvi. Nilipoketi, sufuria ilikuwa mbele yangu, nami nikakwangua nilichokikuta, bugari, mchuzi na kichwa kimoja cha samaki, nikaanza kula bila kufikiri. Ndivyo ninavyokula siku zote. Mama wa nyumba hula hivyo, na sijawahi kuona ajabu.

Nilipoinua uso, Ciza hakuwa anakula. Alikuwa anatazama sahani yangu. Sahani yake ilikuwa imejaa, sambaza wakubwa, wakavu, hajagusa hata mmoja. Watoto walikuwa na simu zao chini ya meza. Akainuka, akazunguka meza yote na tumbo lake, akachukua sahani yangu, akaweka yake mahali pake.

"Bote muache kula kwanza," akasema. Vijana wakainua vichwa. "Marshali hajaanza."

"Marshali ni nani?" Keza akauliza.

Ciza alikuwa amerudi kukaa na ile sahani yangu ya mchuzi mbele yake, anajipangusa mdomo kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ilifika, Zawadi," akasema. "Niliisikia na mi. Tik."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimekitunza cha kusema kwa miaka yote hiyo, kirefu, chenye matusi. Lakini vitunguu vilikuwa juu, na mezani watu wote walikuwa wamesimamisha mikono, wananingoja mimi. Nikachukua sambaza mkubwa kuliko wote, mwenye kichwa chake, nikamla polepole. Kisha nikashusha pumzi, kama mtu aliyetoka safari ndefu, nikamtazama Ciza, nikachukua mwingine.